Barakoa Anazoficha Zawadi

Mjukuu wangu Neema,

Wengi wetu hukosea kwa kudhani kwamba mtoto anayekataa jambo hana hoja. Lakini kwanza salamu: hapa mtaani kwetu Quakers Hill tu wazima, na bibi yako bado anafuata ibada ya Jumapili kwenye simu, amevaa hadi viatu.

Umeniuliza umfanye nini mwanao Zawadi, anayeficha barakoa zako mpaka unachelewa zamu ya kuhudumia wazee. Juzi nilimuuliza mwenyewe kwa simu. Akanijibu kwa Kiingereza chake, "Babu, Mama akivaa ile anaondoka. Asipovaa, anabaki." Ana miaka minne, na yote aliyoyaona ni kweli.

Nilipokuwa na umri wake nilikuwa namkimbia muuguzi wa kijiji chetu. Kila nyumba aliyoingia ilikuwa na mgonjwa, nikaamini yeye ndiye anayeleta homa. Bibi yangu hakunicheka. Aliniuliza tu, "Jana kaka yako alipoanza kutetemeka, muuguzi alikuwa amefika?"

"Bado."

"Basi homa hiyo aliletewa na nani?"

Nilikaa nyuma ya ghala nikiwaza, kisha nikatoka mwenyewe, nikampelekea muuguzi kigoda akae kando ya kaka yangu.

Zawadi naye hajawahi kukuona umevaa barakoa ukabaki nyumbani. Maneno hayatamtosha, anahitaji kuona. Leo ukirudi kutoka kazini, nawa mikono, vaa barakoa mpya, keti naye sakafuni mcheze, wala usiondoke.

Babu yako