Pamba ya Kuwashia Moto

3 Mei

Mama yangu, shikamoo.

Natumai hujambo, na mgongo unakuacha upumue. Mimi mzima, ila moshi unaniliza kuliko msiba.

Hii kazi ya upishi kwenye kambi ya wapima barabara, ile iliyonifanya nikuage mbiombio, inataka kunitoka. Kuni zimelowa chapachapa, na mafuta ya taa yamepigwa marufuku tangu hema moja liungue. Jana nikakata kipande cha sponji ya godoro, nikawashia. Kiliwaka, mama! Lakini chai ilinuka raba, wapimaji wakanitazama kama nimetaka kuwaua. Msimamizi kasema chai ikiendelea kuchelewa mwezi huu wa majaribio, nifungashe virago.

Wewe umewasha moto tangu sijazaliwa. Nifanyeje? Nijibu upesi.

Kitinda mimba wako

13 Mei

Mama, shikamoo tena.

Unaumwa? Dereva wa gari la mahitaji anaapa kwamba barua alikupa mkononi, ukampa na maji ya kunywa. Au bado umeninunia kwa kuondoka?

Leo chai imeiva jua limeshapanda. Msimamizi alitazama saa, akaandika kitu daftarini, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mama, naitaka kazi hii. Ni kitu cha kwanza maishani nilichojichagulia mwenyewe.

Mwanao

15 Mei

Marahaba mwanangu. Siumwi, mgongo ni ule ule.

Barua niliipata, nikanyamaza makusudi. Nilisema, moto ukimshinda atarudi. Nyumba imepoa mno, siku hizi naongea na cherehani. Lakini niliposoma kwamba kazi hiyo umejichagulia, niliona haya. Nisamehe.

Sasa fungua mfuko niliompa dereva akuletee. Hivyo vitonge ni pamba niliyoipaka mafuta ya mgando. Kichambue kimoja kilegee kabla ya kukiwasha, kikibanana hakishiki. Hivyo vikombe nimevikata kwenye trei ya mayai, nikavijaza maranda ya seremala jirani na kuvimiminia nta ya mshumaa. Pamba chini, kikombe juu, kisha vijiti ulivyovipasua kutoka ndani ya kuni, ambako maji hayajafika. Sponji na nailoni ukome kabisa! Na usipulize kwa pupa, nakujua na haraka zako.

Mama yako, mwenye roho mbaya ya siku chache

29 Mei

Shikamoo mama mwenye roho nzuri!

Habari za mgongo? Huku moto unashika mara moja, mvua inyeshe isinyeshe. Leo msimamizi kanywa chai, kaongeza kikombe, halafu kaniletea mkataba wa mwaka mzima. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya stoo nikalia kwa ajili yako. Sijatia sahihi. Ukisema rudi, nitarudi, na sitakulaumu.

Vitonge vimebaki vichache.

Mwanao akupendaye

1 Juni

Marahaba mwanangu. Mimi sijambo.

Kwanza niliandika "rudi", nikaichana ile karatasi. Tia sahihi, binti yangu. Kuzoea upweke ni kazi yangu, usinifanyie wewe.

Dereva anakuletea gunia la vitonge, vitakufikisha mbali. Pamba ya dukani iliniishia, nikapasua mto wako. Ukija likizo tutalalia wangu.

Mama yako