Mama Mkwe Ananawa Mikono

Shoga upo? Usipige simu, wako sebuleni.

Si nilikwambia kwa joto hili siwashi jiko, hata kama mama mkwe anakuja kula kwangu mara ya kwanza? Basi sikuwasha. Nimeamkia sokoni, nikachukua matango, nyanya, maembe na mnanaa. Nikakatakata, nikakamulia ndimu, nikatia kwenye friji. Bakuli likapendeza mpaka nikalipiga picha.

Mama mkwe kala, kasifu. "Mwanangu, mikono yako haijambo." Nikavimba kichwa.

Halafu akasogeza sahani pembeni. "Niletee maji ninawe, chakula kikija kisinikute sijajiandaa."

Chakula kikija.

Shoga, CHAKULA KIKIJA.

Nikamtazama mume wangu aniokoe. Huyu huyu aliyesema wazo langu ni zuri mno. Akatazama dari. "Kinakuja, mama."

Kinakuja kutoka wapi? Jiko halijaguswa tangu jana!

Mara hodi. Jirani wa chini, kabeba sufuria ya wali na kuku. "Umeiva, shemeji, kama ulivyoniagiza," anamwambia mume wangu.

Na sufuria yenyewe ni yangu. Ile niliyoitafuta tangu Jumatatu. Mume wangu mwenyewe alinisaidia kuitafuta, akaingia mpaka chini ya kitanda!

Mama mkwe saa hizi anakula kwa raha zake, anasema mwanawe kapata mke.

Mimi niko jikoni, najifanya natafuta vijiko. Mume wangu nimemnunia, sisemi naye tena.

Nimemwambia tu anibakizie ukoko.