Mboga za Nyar Kimilili

Kaloleni, Kisumu
2 Machi 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hapa tu wazima, ila mgongo wa mwanao Dishon umeanza tena. Yeye anasema ni mawe ya kule kwenye ujenzi, mimi nasema ni kitanda. Wewe je? Hiyo mionzi wanayokupiga hospitalini inauma, au ni joto tu? Ukijibu, mpe barua Calvince akileta samaki huko Nakuru, usijaribu simu. Mara ya mwisho nilipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza nani amekufa, na wewe bado ulikuwa unasema, "Nani? Nani?"

Mama, shamba liko tayari. Kikundi chako cha Lowo Maber kimejitolea zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana. Tulienda Dunga Jumamosi mbili, tukajaza mkokoteni magugumaji na matumbo ya samaki, tukachanganya na samadi. Kaloleni nzima inajua tulichofanya, maana upepo umewaambia. Udongo pale nyuma ya kanisa umekuwa mweusi, unashikika vizuri, udongo mzuri kama jina la kikundi lisemavyo. Watu wa Otonglo tuliowafundisha kupanda kwenye magunia wametuma mtu kuuliza siku ya kugawa miche ni lini, na wale nyanya wazee wa nyumba za kanjo, zile za manispaa, wanauliza mboga zao. Nawaambia wangoje.

Mama Atieno alisimama katikati ya shamba, mikono kiunoni, akasema hakuna mbegu itakayoshuka hapa kabla Mama Rosa hajatia mkono wake kwanza. Wengine wakaitikia. Nikawauliza, lakini hili si boma la mtu, ni shamba la kujitolea, kuna Wajaluo, na Waluhya kama mimi binti wa Kimilili, na hata yule Mkisii wa duka la dawa, haya mambo ya mama mkubwa kupanda kwanza yanatuhusu vipi? Aliniangalia kama mtoto aliyejamba kanisani. "Nyar Kimilili," akasema, "sisi sote hapa yeye ndiye mama yetu. Na wewe zaidi, wewe ni mke wa mtoto wake. Ukipanda kabla yake, wewe unamwita nani?"

Ningecheka, lakini Mzee Laban ametangaza kanisani Jumapili kwamba kanisa linahitaji mahali pa kuegesha magari, na shamba likikaa tupu hadi Pasaka watamwaga kokoto. Alikuwa anatabasamu. Wewe unamjua.

Kwa hiyo nakuuliza kama mtoto: unakuja lini? Na kama huji, utatutumia neno tupande?

Mtoto wako,
Nyar Kimilili


Nakuru
11 Machi 2025

Nyar Kimilili mwanangu,

Barua nimeipata, inanuka mbuta wa Calvince lakini nimeifurahia. Mimi niko, namshukuru Mungu. Baridi ya hapa inaingia hadi kwa meno. Mionzi haiumi ukiwa pale, inakungoja nyumbani. Jacinta ninayekaa kwake ananipikia kabeji asubuhi na jioni, sijui ni nani alimwambia nimezaliwa na sungura. Mwambie Dishon alale chini kwa mkeka, na wewe usimcheke.

Sasa la shamba. Ngoja. Daktari amesema mwisho wa mwezi namaliza, na nikimaliza nakuja. Nitatia mbegu mimi, kama miaka yote, wewe utafuata, Mama Atieno atafuata, kisha tutakunywa chai na kumsema Laban. Mimi nilimkuta Laban akitaka hiyo plot na nitamwacha akiitaka.

Usidhani nakuletea ushirikina. Mimi ni mama wa kanisa. Watu wakisema chira, kwamba mwenye kuvunja mwiko atakonda mpaka afe, mimi huwa nanyamaza tu. Lakini nisikilize vizuri. Mtu hupanda bila kumngoja mama wa boma siku mama huyo ameshazikwa. Mkitia mbegu na mimi niko hapa kitandani, mtakuwa mmenizika kwa sababu ya haraka ya mboga. Sitaki. Ngoja.

Nisalimie wote. Hata huyo Laban.

Mama yako,
Rosa


Kaloleni
5 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi na pole zaidi. Jacinta alimwambia Calvince kwamba ngozi yako ilichomeka mpaka wakasimamisha mionzi, na kwamba wataanza tena baada ya Pasaka. Nimelia. Umeanza kupata usingizi? Chakula kinapita? Hapa tuna afya, Dishon analala kwa mkeka na sasa anasema mkeka ndio mbaya.

Mama, mvua imefika. Ningekuwa sijaona udongo huo ukiwa tayari, nisingeumia hivi. Mbolea yetu ya Dunga inasombwa kwenda mtaroni. Jumamosi tulikuja watu wanne tu, tukasimama chini ya miavuli tukiangalia shamba, tukarudi nyumbani. Mzee Laban alipita na mtu wa kokoto, wakapima kwa hatua huku akinisalimia vizuri sana. Nyanya wakiniuliza mboga nawaambia kesho, na mmoja ameacha kuuliza.

Naomba neno moja tu. Hata usiandike barua, andika "pandeni" nyuma ya karatasi hii. Au shika mbegu mkononi mwako uzitume. Mama Atieno amekubali, anasema mbegu ulizozishika zitatosha. Nimezifunga humu kwenye kitambaa, managu na saga, mboga zetu za kienyeji. Calvince atapita kwenu Alhamisi.

Mtoto wako,
Nyar Kimilili


Kaloleni
21 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Pasaka njema, na Mungu akuguse palipo na maumivu. Sisi tuko, si vibaya sana.

Calvince alirudi Alhamisi ile bila kitu, na Alhamisi iliyofuata bila kitu. Alisema Jacinta alipokea barua mlangoni na wewe ulikuwa umelala. Sijui kama uliisoma. Nimekaa nikifikiri labda hukuisoma, na hapo nikapata nguvu ya kufanya nilichofanya, kwa hiyo sasa sijui kama nilikuwa najidanganya.

Nimepanda, Mama. Juzi Jumamosi asubuhi. Nilimwomba Dishon anibebee jembe, akasema, "Hiyo mimi sishiki," akageukia ukuta. Nikaenda peke yangu. Nilitia managu, saga, kunde na mrenda, na mbele, upande wa barabara, nikaweka miche ya sukuma wiki niliyonunua Otonglo ili ionekane kwa macho. Nikafunga kamba kwenye vijiti. Niliomba kabla ya kutia mbegu na nilitaja jina lako, maana sikujua la kusema lingine. Jana baada ya ibada lori la kokoto lilikuja, Laban akaona mistari, akalirudisha kwa hasira.

Shamba liko salama. Nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa wengine. Sikukuzika. Nilitaka ukirudi ukute mahali pa kurudi, si magari ya watu. Ukitaka kunigombeza nigombeze, lakini niandikie.

Mtoto wako,
Nyar Kimilili


Kaloleni
9 Juni 2025

Mpendwa Mama,

Salamu. Sijapata jibu lako tangu Machi, lakini nasikia umelazwa. Calvince aliniambia akiwa ameangalia pembeni. Je, unakula? Wanakugeuza kitandani? Niambie chochote, au mwambie Jacinta aandike.

Mboga zimekuja, Mama, na zimekuja kama za kunikejeli. Managu jani lake limejaa kiganja. Kunde zimetambaa mpaka kwenye uzio. Na hakuna mtu anayezichuma. Lowo Maber hawakuja kupalilia hata siku moja, nimepalilia mimi. Hakuna aliyenitukana. Wananisalimia barabarani, wanauliza watoto, kisha wanakumbuka wana haraka.

Nikafikiri labda wanaona aibu, niwaite rasmi. Jumamosi nilifanya siku ya wazi kama zile zako. Niliazima viti vyeupe na kipaza sauti, nikafunga mboga mafungu kwa kamba za mgomba, nikapanga mezani, zote za bure. Nilitangaza mpaka sauti ikakauka. Mama Atieno alipita na kikapu kutoka sokoni, na ndani ya kikapu niliona managu aliyonunua. Mmoja wa wale nyanya alisimama karibu na meza kwa muda mrefu. Nikamwambia chukua, Mama. Akasema, "Nimezika watoto wawili, mwanangu. Usinitie kwa jambo lingine." Mkisii wa duka la dawa alichukua fungu moja, akanishukuru kwa sauti ili wote wasikie. Nilipofunga jioni nililikuta limewekwa juu ya nguzo ya lango.

Wanasema ulikuwa unaendelea vizuri mpaka nilipopanda. Wamehesabu siku. Wanasema mkono wangu ndio umekulaza.

Na Dishon, nikimpakulia ugali na dagaa wa omena na mboga, anakula ugali, anakula omena, na mboga zinabaki pembeni mwa sahani. Nazila mimi. Nazila kila siku mpaka tumbo linakataa, na zinazobaki nawapa ng'ombe wa watu wanaopita.

Mama, wewe ndiye pekee unayeweza kunitoa hapa. Nikumbuke.

Mtoto wako,
Nyar Kimilili


Nakuru
27 Juni 2025

Nyar Kimilili,

Nakusalimia wewe na Dishon na watoto. Anayeandika ni Jacinta, maneno ni yangu. Nimetoka hospitali. Wameacha mionzi. Daktari kijana aliketi kitandani kwangu akaniambia niende nyumbani nikapumzike, na mimi si mtoto, ninajua wanamaanisha nini. Ni wiki, si miezi.

Barua zako zote nilizisoma. Hata ya Aprili. Mbegu zako niko nazo hapa chini ya mto. Nilizishika usiku na mchana, na sikuweza kuzituma. Ningeandika "pandeni" ningekuwa nimesaini mwenyewe kwamba sirudi. Nilikwambia ungoje, hukungoja, na niliposoma ya Pasaka nilikasirika nikamkataza Jacinta kukujibu. Hasira hiyo haijaisha yote. Nisikudanganye.

Lakini nimefikiri juu yako sana. Mara ya kwanza nilifikiri hivi: niletwe Kaloleni, niketi kwenye kiti mbele ya watu, unipikie managu hayo nile sahani nzima. Mimi nikila, nani atakataa? Nilifurahi kabisa, nikamwambia Jacinta anitafutie nguo. Kisha nikahesabu. Nikila Jumamosi, nife Jumanne. Watasema nini, Nyar Kimilili? Watasema mboga zimemaliza kazi. Watakutazama kaburini kwangu, na Dishon atakutazama, na hutakaa katika boma hilo tena. Sijui kama chira iko. Watu wapo, hilo najua.

Kwa hiyo siji. Nitabaki huku mpaka mwisho, mnichukue nikiwa nimenyamaza. Na wewe nenda ung'oe kila kitu. Sema ni agizo langu, uanze kwa kumwambia Mama Atieno. Mwenye kupanda vibaya akang'oa mwenyewe, watu wetu humrudisha kati yao. Mpe Laban plot yake, aweke magari. Nililinda hiyo ardhi miaka hiyo yote na leo nasema aichukue, ujue inaniuma zaidi ya ngozi.

Ningependa kuionja hiyo kunde.

Mama yako,
Rosa


Kaloleni
13 Julai 2025

Mama yangu,

Salamu. Sitakuuliza hali, umeniambia, na nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Dishon naye ameisoma. Aliikunja, akaenda kazini na mgongo wake huo.

Nimeng'oa. Ijumaa nilienda kwa Mama Atieno nikamwambia kesho nang'oa, ni agizo lako. Nilitaka ajue tu. Asubuhi nilipofika nyuma ya kanisa na jembe langu, nilikuta watu. Mama, walikuwa wote. Mama Atieno, nyanya wa nyumba za kanjo, Mkisii amefunga duka, hata watu wa Otonglo wameshuka kwenye tuktuk na mapanga. Hawakuja kupanda, hawakuja kupalilia, hawakuja kuchuma. Walikuja kung'oa. Mtu alileta chai na mandazi. Mama Atieno alianzisha ule wimbo wenu wa shambani, na mimi ambaye Kijaluo changu ni cha sokoni nikaitikia. Akanisukuma kwa kiuno akasema, "Angalia vile amenona! Mboga za watu wote amekula peke yake!" Wakacheka mpaka wakashikana.

Nilicheka nao, Mama. Hilo ndilo linaniuma. Kunde zilikuwa zinanyauka juani pale nyuma yetu, nilizipanda mimi, nilizilea mimi, na nilikuwa nazing'oa huku nikiomba siku isiishe, kwa sababu walikuwa wananiita jina langu tena.

Iliisha. Tulichoma kila kitu, wakanipa mkono mmoja mmoja wakisema pole, kama matangani. Niliuliza Jumamosi ijayo tukutane wapi. Mama Atieno akasema, "Kufanya nini, sasa?" Hakusema kwa ubaya. Leo baada ya ibada kokoto imemwagwa, na gari la Mzee Laban ndilo la kwanza.

Sasa njoo nyumbani. Usifie huko kwa ajili yangu. Hakuna hata jani moja lililobaki la mtu kusema umelila. Calvince anaondoka alfajiri na barua hii, na Dishon atapanda naye, amesema atakubeba mgongoni ikibidi. Njoo ulale kwako hata siku mbili. Hakuna kitu hapa tena cha kukudhuru.

Mtoto wako,
Nyar Kimilili