Makovu Kwenye Mchoro wa Mzee Fulgenzio

Nyuma ya Kanisa la Mtakatifu Barnaba,
Mantova,
9 Februari 1568.

Mpendwa mjukuu wangu Lattanzio,

Huna haya wewe! Mchoro wa watu unaazimwa ukiwa mzima, unaurudisha umejaa makovu? Salamu nakupa, maana wewe ni damu yangu, lakini nakupa nimenuna.

Hujambo? Kikohozi kimepoa? Ukungu wa Venezia ni mbaya, jifunge sufi kifuani. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu. Mama yako amechinja nguruwe. Soseji zako ninazo, ila sijaamua kama nitakutumia.

Sasa nisikilize. Juzi mchuuzi wa vitambaa alileta mchoro wa Mzee Fulgenzio, ule wa binti wa hadithi ya kale anayegeuka mti akimkimbia mungu Apolo, pamoja na picha uliyochapa kwa bamba lako la shaba. Nikampelekea mwenyewe, maana mimi ndiye niliyemwomba akuazime. Akauinamisha penye mwanga wa dirisha. Kila mstari umeupitishia ncha ya chuma, na nyuma umepaka chaki nyekundu ili alama zishike kwenye shaba!

"Mama Orsola," akaniambia, "mjukuu wako kamchuna binti yangu akiwa hai."

"Usinisute mimi, Mzee. Mkono uliofanya hivyo uko Venezia."

"Na mdomo ulioniomba uko hapa."

 

Babu yako, Mungu amrehemu, alichonga shaba tangu hajaota ndevu, na hakuwahi kugusisha chuma kwenye karatasi ya fundi mwenzake. Alitandaza juu yake karatasi iliyopakwa mafuta hadi mistari ya chini ikaonekana, akafuatisha kwa wino, kisha nakala hiyo ndiyo akaitesa apendavyo. Wewe alikufundisha, mimi nikiwapo nakoroga hayo mafuta. Haraka ya nini?

Mzee mikono inamtetemeka tangu mavuno ya zabibu. Hawezi kuuchora tena.

Picha yako aliitazama sana, akafuata shavu la binti kwa ukucha. Akasema, "Mkono anao. Adabu ndiyo hana." Michoro yake miwili iliyobaki, ya hadithi nyingine za kale, ameifungia sandukuni, na ameapa haitatoka nyumbani kwake. Uliandika mwenyewe kwamba mchapishaji wako anataka picha za hadithi zote tatu, la sivyo kazi atampa mwingine. Haya, utachonga nini?

Nimembembeleza Mzee mpaka koo likakauka. Amekubali jambo moja tu: unakili mezani pake, yeye ameketi anakutazama.

Mama yako anakusalimu, na shangazi yako Bibiana pia. Bibiana anasema amekusamehe. Huyo husamehe hata mbwa aliyemla kuku. Mungu akufikishe salama.

Panda mashua ya kwanza ipandayo mtoni, uje na karatasi yako ya mafuta. Usipitie kwangu. Nenda moja kwa moja kwa Mzee, umpigie goti, na usiinuke mpaka akuambie inuka.

Bibi yako akupendaye hata akigomba,
Orsola