Kwaya ya Sikio Moja

Jumatatu, 1 Septemba

Katibu wa hospitali kashuka mwenyewe hadi udobini leo. Hajawahi. Alisimama mlangoni, miwani imejaa mvuke, akawa anazungumza na toroli la mashuka akidhani ni mimi. Wodi mpya ya watoto inafunguliwa Jumamosi ya tarehe 20. Wageni watakuwepo. Kwaya ya wafanyakazi iimbe wimbo mmoja. Akauliza kama tunao. Nikasema tunao — mdomo huponza kichwa.

Wimbo upo, ila upo kichwani mwangu. Nimeutunga mwenyewe mbele ya mashine ya pasi, shuka baada ya shuka. Sauti nne. Wa kwanza maishani mwangu! Hakuna binadamu aliyewahi kuusikia mzima, hata mimi. Adui ni zamu. Wafuaji wanaingia alfajiri, wakunjaji mchana, sisi wa pasi katikati, na fundi wa boila yuko chini kwenye joto lake siku nzima. Kwaya ya watu kumi na wawili ambao hawajawahi kusimama chumba kimoja.

Nimekubali, basi. Maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge.

Jumatano, 3 Septemba

Nimerekodi kwa kinanda na simu. Nimefunga dirisha, nimemfukuza mume wangu sebuleni, kaenda kunung'unika kwa jirani. Kila mtu atapata sauti yake. Na hapa ndipo nilipojipongeza: sikio la kushoto nimeweka sauti ya kwanza, yaani wimbo wenyewe, ili mtu asipotee. Sikio la kulia, sauti yake yeye. Anausikia wimbo huku, anajifunza chake kule. Watasikiliza wakiwa kazini, hakuna haja ya kukutana.

Spika za masikioni wanazo wote. Ni zile nyeupe zenye kasha la mviringo, tunaziita mayai. Mimi ndiye niliyewaambukiza. Yai langu lina mwaka wa tano. Limeanguka kwenye maji ya sabuni, limepigwa pasi ndani ya mfuko wa koti, bado linaimba. Kifuniko kikijifunga kinasema ko, kama mlango wa gari la maana. Nikawaambia nunueni hizi hizi, msihangaike. Wamenunua mwaka huu, mmoja mmoja, wengine kwa kujinyima.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemuuliza wifi yangu anaendeleaje. Huyu ni dada wa mume wangu, mkunjaji, yuko sauti ya pili, na mdomo wake hauna breki. Anasema wimbo mwepesi, kaumaliza kwa siku moja. Wafuaji nao wanasema mwepesi. Fundi wa boila, mtu wa neno moja kwa wiki, nilipokutana naye ngazini akasema: "Rahisi."

Nimelala kifua mbele. Kumbe mimi ni mwalimu!

Alhamisi, 11 Septemba

Aibu.

Katibu alitupa saa moja kwenye kantini, watu wote wa zamu zote. Mara ya kwanza. Nikavaa kitenge kipya. Nikainua mkono, wakavuta pumzi, wakaimba. Wakaimba vizuri, tena kwa moyo — wote sauti ya kwanza! Watu kumi na wawili, wimbo mmoja, kama watoto wa shule asubuhi. Fundi wa boila, mwili kama tangi lake, anaitafuta noti ya juu huku mishipa imemtoka shingoni.

Nikasimamisha. Nikamuuliza besi yake iko wapi. Akasema hiyo ndiyo niliyomtumia.

Nikamuuliza wifi sauti ya pili iko wapi. Akasema kwani kuna ya pili? Halafu akafikiri, akasema lake la kulia lilikufa zamani, wiki ya tatu tangu alinunue. Mwanamke mmoja wa kufua akasema, eh, na langu. Na langu. Na langu. Nikaomba mikono ya wenye sikio la kulia zima. Mikono miwili. Yote ya sauti ya kwanza, wasiolihitaji!

Na hakuna aliyewahi kusema. Kila mmoja alidhani ni lake tu, na kaona haya kuniambia kwa sababu mimi ndiye niliyeyasifu. Walinitunzia heshima yangu mpaka ikaniumbua kantini.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepeleka mayai matatu ya wenzangu kwa fundi simu wa kona, na langu kama shahidi. Kayapanga kwenye kitambaa. Akaniambia nifumbe macho nipime kwa kiganja. Kweli — la zamani lina uzito wa kitu, mapya mepesi kama maganda ya karanga. Kifuniko cha jipya hakisemi ko. Hakisemi chochote, kinalegea tu.

Kafungua langu, kuna mpira mwembamba unaozunguka ndani, wa kuzuia mvuke usiingie. Kafungua jipya: hakuna mpira, kuna gundi. Na udobini kwetu ni mvuke tupu. La kulia hufa kwanza, anasema, kwa kuwa ndilo lenye maongezi ya simu, linafanya kazi zaidi, linapata moto, gundi inaachia. Nikamwomba alitengeneze. Akanionyesha: kulifungua ndiko kulivunja, halikuundwa lifunguliwe. Toleo baada ya toleo wamepunguza kitu, hapa skrubu, pale mpira. Hawakupunguza jina wala bei.

Chema chajiuza, walisema wahenga. Hawakusema kwamba kikishajiuza, watu watatia kibaya ndani ya ganda lake. Mayai viza! Na mimi ndiye mnadi wao, bila mshahara.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerekodi upya. Sasa sauti ya mtu iko kushoto, maana kushoto ndiko kunakosikika. Nimetuma kabla ya chakula cha mchana. Nikajiona nimeshinda kiwanda kizima.

Jioni majibu. Mmoja la kushoto nalo limezima leo hii, kama lilikuwa linangoja. Wengine wanasikia sauti yao, ila bila wimbo upande wa pili wanapotea. Wanaanzia kwao, wanamalizia kwa majirani. Fundi wa boila kanitumia alivyojirekodi. Besi yake inashuka, inashuka, mpaka sijui iliko.

Mume wangu anasema tuimbe sauti moja kama kantini, ilikuwa nzuri, nani atajua? Nikasema nitajua mimi. Akainuka. Halafu akaosha vyombo bila kuambiwa, ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Nimelia kidogo. Naandika ukweli, hakuna anayesoma hapa. Sitaki sifa wala kupigiwa makofi na wageni. Nataka kuusikia ule wimbo. Mara moja, kwa masikio haya, nje ya kichwa changu.

Jumanne, 16 Septemba

Nina furaha.

Nilikuwa napita na toroli chumba cha kukunja. Mashuka ya hospitali hukunjwa na wawili: mnashika pembe, mnavuta, mnaendeana, mnakutana, mnaachana. Wifi alikuwa na mwenzake wa siku zote. Wifi ana sikio lake moja la kushoto, anasikia sauti ya pili, anaiimba. Mwenzake mayai yake yamekufa yote mawili. Sasa yule, kwa kuchoka kukaa kimya, akawa anaimba sauti ya kwanza kutoka kichwani. Anamwimbia wifi usoni! Wakiendeana na shuka, sauti zinakutana. Wakiachana, kila moja inabaki na njia yake. Wifi hakupotea hata noti moja.

Nikasimama na toroli langu. Nikamuuliza, wifi, umefanyaje hapo? Akanitazama kama nimepungukiwa. "Nimefanyaje tena? Nakunja shuka."

Sikuwa nimeona! Kosa langu lote la wiki mbili limewafundisha watu kumi na wawili sauti ya kwanza. Wanaijua hadi usingizini. Basi kila mmoja anaweza kuwa sikio zima la mwenzake. Mwenye sauti yake kushoto, jirani amwimbie kulia. Hiyo haihitaji gundi.

Jumatano, 17 Septemba

Leo hakuna aliyekunja shuka bila kuimbiwa. Wafuaji wamebaki baada ya zamu kukunja. Wa pasi tumekunja. Yale yaliyokwisha kunjwa tumeyakunjua tukayakunja tena. Muuguzi mkuu kapiga simu kuuliza kuna nini, mashuka yanafika mapema na yamenyooka.

Fundi wa boila alipanda ngazi mwenyewe. Kanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Hajawahi kukunja shuka maishani, alilishika kama anayepokea mtoto wa watu. Wifi kamchukua. Anamwimbia sauti ya kwanza huku anamkaripia juu ya pembe — vyote kwa pumzi moja, sijui anawezaje. Besi haikushuka. Imekaa chini yake imetulia.

Ila mstari wa tatu bado. Pale besi wananyamaza, kisha wanaingia wenyewe, chini kabisa, wakati wengine wote wako juu. Kila fundi akifika hapo anapanda nao. Mara zote. Anajua anakosea, anatikisa kichwa kabla hajamaliza kukosea. Na besi mwenzake anamfuata yeye, kwa hiyo wanapotea wawili.

Huo mstari ndio wimbo. Niliutunga kwa ajili yake. Bila besi pale chini, huo ni wimbo mwingine wowote.

Alhamisi, 18 Septemba

Katibu anasema kantini haipatikani tena, imejaa viti vya wageni na wapambaji. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo itakuwa mara yetu ya kwanza kuimba sauti nne pamoja. Mbele za watu! Nikamwambia haya.

Mstari wa tatu: bado.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeshuka boila. Nimempa fundi yai langu, la miaka mitano, lenye masikio yote mawili. Nikamwambia asikilize usiku kucha kama ikibidi. Kaligeuza mkononi, kafungua na kufunga kifuniko, ko, ko. Akanirudishia. Akasema ameshazoea kuimbiwa na mtu.

Maneno manne kwa siku moja! Nikaenda kumhadithia wifi. Wifi, na mdomo wake usio na breki, akainama akatafuta pembe ya shuka.

Sina la kufanya zaidi. Kesho.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nimesimama, daftari kwenye kizingiti cha dirisha la korido. Wodi mpya inanukia rangi. Vitanda vidogo vimetandikwa mashuka yetu, nimeyapitia yote, hakuna kasoro. Mkurugenzi anahutubia uani. Alisema ana machache. Hana.

Watu wangu wamewekwa chumba cha kuhifadhia mashuka, rafu tupu, mlango haufungiki vizuri. Wote kumi na wawili, kwa mara ya kwanza tangu kantini. Hakuna hata mmoja mwenye kidude sikioni. Niliwaacha wamesimama wawili wawili bila kuambiwa, kama wanaosubiri shuka. Mimi nikatoka kumuuliza Katibu zamu yetu lini. Akasema baada ya huyu.

Narudi. Wameanza bila mimi! Wanajipasha sauti, wanadhani niko mbali.

Sijaingia. Nikiingia watanitazama mkono, watanyamaza, na mimi nitakuwa ndani tena, nahesabu, nasikia makosa tu. Nimebaki huku nje ya mlango.

Ya kwanza. Ya pili chini yake — wifi, namjua, anavuta kidogo. Ya tatu inapita katikati yao. Mungu wangu. Kichwani haikuwa hivi. Kichwani ilikuwa nyembamba.

Mtu wa itifaki kaja anasema ni sisi, Mkurugenzi kashuka, wageni wanangoja. Nikamwonyesha kiganja. Ananiuliza nangoja nini, kwani kuna mtu hajafika?

Mstari wa pili unaisha. Besi wamenyamaza, kama ilivyo. Wengine wote wako juu kabisa.

Ameninong'oneza tena, "Mama, twende." Nimemshika mkono ili asiondoke na asiseme. Naandika kwa mkono mmoja, herufi zinakimbia. Wanakaribia. Wifi kaacha sauti yake, kashuka kwenye ya kwanza, polepole, kwa mtu mmoja tu. Ndani nasikia kifua kikubwa kinavuta pumzi —