Niliwaleta Wazee Kliniki

Jumapili, Bariadi. Jua kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi. Sijaenda kanisani. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu, nikazianika, nikaziangalia zikishika vumbi upya.

Kabula ameondoka jana. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili nisijifanye nina habari nyingine.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Kabula ni binti yangu, ana miaka kumi na minne, anasoma kidato cha kwanza. Alikuwa anasoma. Tangu mwaka jana ana vipindi. Kuna wiki anawaka, halali, anaongea mpaka maneno yanakanyagana, anagawa vitu vyake kwa watoto wa jirani. Mara moja aligawa sare ya shule. Halafu kuna wiki anageukia ukutani na hata uji haunywi. Baba yake alisema ni umri. Mimi nilisema ni jeuri. Nilimchapa mara mbili, na zote mbili zilikuwa wiki za ukutani.

Hilo nalo libaki hapa, nisije nikajisahau.

Siku hizi Bariadi kila kitu ni cha mtu binafsi, kuanzia anayenunua pamba mpaka anayepima malaria. Katika mojawapo ya kliniki hizo mpya kuna mshauri anayekuja kutoka Mwanza mara moja kwa mwezi. Ni dada, mdogo kwangu kwa umri, mpole, anaandika kwa mkono wa kushoto. Alituambia kwamba Kabula si jeuri, anaumwa, ni maradhi ya hisia, na kwamba hatibiwi mtoto peke yake. Nyumba nzima inakaa chini na kujifunza kuishi naye. Watu wa nyumba yenu tu, alisema: mama, baba na mtoto. Alipanga viti vinne kwa mduara, na cha kwake kilikuwa sawa na vyetu.

Tulikwenda mara mbili. Alitupa kazi ya kufanya nyumbani: wakati wa chakula cha jioni kila mtu aeleze siku yake ilivyokuwa, na wengine wasimjibu, wasimkosoe, wasimfundishe. Jamani, kukaa na mwanao bila kumfundisha! Ulimi uliniwasha siku tatu za mwanzo. Mume wangu Masunga ni karani wa pamba, na nyumbani huongea kama anaandika risiti. Lakini jioni moja akasema, "Leo nimefokewa mbele ya wakulima, nikaona aibu." Kabula alimwangalia baba yake. Kisha akavuta sahani akala ugali wote.

Niliona mlango umefunguka kidogo. Siongezi chumvi.

Mara ya pili, mle kliniki, Kabula alisema kuna asubuhi anatamani asingeamka. Mshauri hakushtuka. Alimshukuru kwa kusema, akatufundisha mimi na Masunga: siku kama hizo asiachwe peke yake, tumuulize waziwazi, tusiogope jibu. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, lakini Kabula alinishika mkono barabarani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa darasa la nne.

Basi nikaja mimi na akili zangu.

Wifi yangu Nkwimba, dada mkubwa wa Masunga, amesema mwaka mzima kwamba mtoto kaharibiwa na mama yake. Amesema kisimani, amesema msibani. Nikataka aje asikie kwa masikio yake, kutoka kwa mtu aliyesoma, kwamba kosa si langu. Hiyo ndiyo sababu ya kweli. Ile niliyompa Masunga ilikuwa nyingine: nilimwambia si adabu kumficha baba mambo ya mjukuu wake. Kwa desturi yetu ni kweli kabisa, jambo la mtoto halijadiliwi wazee wakiwa hawajui. Ndiyo maana palikuwa pazuri pa kujificha. Masunga alikubali haraka. Nadhani naye alikuwa amechoka kulibeba peke yake.

Alhamisi, siku ya kikao cha tatu, walitoka Bukundi, kijijini kwa wakwe, watu sita. Babamkwe na kofia yake, wadogo zake wawili, wifi Nkwimba, na wake wawili wa ukoo ambao sikuwahi kuwaeleza lolote. Mshauri alipowaona alinivuta pembeni akaniuliza kama Kabula anajua. Nikasema anajua. Hakujua.

Walipoingia, kitu cha kwanza walichofanya ni kuvunja ule mduara. Hakuna aliyeamrisha. Wanaume walivuta viti upande wa dirishani, wanawake wakakaa kwenye benchi ukutani, na kiti cha Kabula kikabaki katikati peke yake. Mtu yeyote aliyezaliwa kwetu anajua hapo panaketi nani. Hapo panaketi mwenye kesi.

Babamkwe si mtu mbaya. Anampenda Kabula, humtania na kumwita mke wake, kama babu wa kwetu wanavyofanya. Alianza vizuri. "Ng'wanawane, mwanangu, hapa hakuna adui. Sema tu umekosea nini, tukusamehe, tumalize." Mshauri akajaribu kueleza kwamba hakuna aliyekosa. Wazee walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha wakaendelea kama hakusema.

Babamkwe akamgeukia Masunga amweleze mtoto alisema nini vikao vilivyopita. Na Masunga, mtu mzima, mbele ya baba yake, akasema yote. Mpaka lile la asubuhi.

Wifi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee mmoja akasema neno kama hilo halitamkwi nyumbani, linaita msiba. Wakajadiliana Kisukuma, haraka, kama dakika kumi. Hukumu ikatoka: mji na shule vimemchosha mtoto, akakae Bukundi na shangazi yake. "Tunavuna pamba," wifi alisema. "Mikono ikishika kazi, kichwa kinatulia." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyolelewa.

Mshauri alisema mtoto akiondolewa sasa ni hatari. Alilisema mara mbili. Kisha akaniangalia mimi.

"Mama Kabula, wewe unaonaje?"

Kabula naye aliinua macho. Alikuwa ananisubiri. Nilikuwa na maneno yote. Lakini tangu niolewe sijawahi kumbishia babamkwe, hata juu ya chumvi, na miaka kumi na sita ya kupiga goti haikunyooka kwa swali moja. Nikaangalia sakafu.

Nikasema, "Wazee wameshasema."

Sijui kama kuna siku nitaacha kulisikia neno hilo. Kabula hakulia. Alirekebisha sketi yake, kama mtu anayeshuka kwenye gari.

Jana stendi nilitaka walau nimwambie wifi yale tuliyofundishwa: asimwache peke yake akigeukia ukutani, amuulize waziwazi. Babamkwe alikuwa amesimama karibu, tena akisema mambo ya kliniki yameisha. Nikasema, "Msalimieni bibi." Gari likaondoka kuelekea Maswa. Kabula alikaa dirishani, hakugeuka, na alikuwa na haki.

Leo nimepiga simu mara tano. Haipatikani. Mtandao kule mpaka mtu apande kilimani. Masunga amekula akiwa amesimama, kisha akatoka bila kusema anaenda wapi. Naweza kumlaumu, lakini yeye alifungua mdomo wake na mimi nikaufunga wangu, na mtoto akapotelea hapo katikati.

Ningekuwa jasiri ningekuwa kwenye gari la kwanza kesho. Nimelifikiria. Naijua pia nafsi yangu: nitafika, nitapiga goti, nitasalimia, nitapewa maji ya kunywa, na nitarudi peke yangu.

Kesho Kabula ataamka Bukundi. Watu wa kule wana adabu, kila atakayempita atamwambia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, ya kuulizana umeamkaje. Naye ataitikia mwangaluka, kwa sauti ndogo. Nani kati yao atasimama amuulize kama alitaka kuamka?