Neema Alivyowaambia Wakubwa Marahaba

Etobicoke, Toronto

Mama,

Shikamoo. Najua hapo umeitikia, hata kama umenuna. Mguu unaendeleaje? Na lile paa la jikoni, fundi alirudi au bado anakwambia kesho? Sisi huku ni wazima. Baridi imeanza. Kazi yangu ya ghala kule Brampton ni ileile, kupanga makasha na kupakia malori, na mkweo bado yuko kwenye zamu za hospitali. Hakuna la ajabu.

Ninaandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu jambo hili halisemeki. Kila nikilifikia, unasema mtandao unasumbua. Tangu siku ile Neema alipokwambia "Marahaba, Bibi" kabla hata hujafungua mdomo, umekataa kuongea naye. Ulisema mtoto wa miaka minane anayejifanya mkubwa wa bibi yake hana adabu, na aliyemlea hana pia. Iliniuma, lakini sikujitetea. Hata mimi nilidhani ni utundu.

Jumamosi iliyopita kwaya yetu ya Kiswahili ilitoka kwenda kula kwenye mtaa wa Wakorea. Aliyetualika ni Mama Filomena, mwalimu wa kwaya. Ni Mgoa, asili yake Uhindini, mzaliwa wa Tanga, kaondoka huko akiwa msichana. Ukimsikia bila kumwona utasema huyu ni shangazi wa Chumbageni, hapohapo Tanga. Mke wangu alikuwa kazini, kwa hiyo nikaenda na Neema.

Chakula chao ungekishangaa. Wanakuletea nyama mbichi, katikati ya meza kuna jiko, unachoma mwenyewe, unaikata kwa mkasi, unaifunga kwenye jani la saladi. Otieno, Mkenya anayetuimbia besi, alisema, "Hii si hoteli, hapa tumeandikwa kazi." Kabichi yao imechachushwa na pilipili. Nilionja, nikaiacha. Mwenye mgahawa ni bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, na kijana aliyekuwa akituhudumia kila alipompa kitu alikitoa kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Neema alikuwa anamtazama huyo kijana badala ya kula. Mimi nilikuwa naangalia nyama isiungue.

Tuliposhiba tukapanda ghorofani, wanakokodisha vyumba vya kuimbia. Kuna makochi, televisheni na maikrofoni. Unachagua wimbo, maneno yanapita kwenye kioo. Wa Kiswahili haukuwamo hata mmoja. Mama Filomena akasema basi ipigwe tuni yoyote ya Kikorea, maneno tutayatia wenyewe. Tukaimba nyimbo za harusi za kwetu juu ya muziki ambao hakuna aliyejua unazungumzia nini. Mwishoni ile mashine inatoa maksi, na ilitupa za juu kabisa. Otieno akasema mashine yenyewe haina masikio.

Kisha wakataka Neema naye aimbe. Mama Filomena akamwambia, "Kabla hujaimba, mwanangu, waamkie wakubwa." Neema akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akainamisha kichwa vilevile kama yule kijana, akasema kwa sauti iliyojaa chumba kizima, "Marahaba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wakaangaliana. Otieno akaanza kucheka, Mama Filomena akamkata jicho. Halafu yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, akasimama akamwambia mtoto, "Shikamoo." Neema akatabasamu. Kwake yeye salamu ilikuwa imejibiwa.

"Nani kakufundisha hivyo?" Mama Filomena akamuuliza.

Neema anaelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Alisema umemfundisha wewe. "Baba ana salamu yake, shikamoo. Bibi ana yake, marahaba. Mimi namsalimia Bibi kwa salamu yake."

Mama, nyumbani kwetu huku hakuna anayemwamkia mwenzake. Neno marahaba analisikia kwenye simu tu, ninapokuamkia, na kinywa kinacholitamka ni chako.

Mama Filomena akamkalisha karibu. "Umemwona yule kijana wa chini anavyomwinamia bibi? Sisi tunainama kwa mdomo. Mdogo anasema shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba. Si ya mtu, ni ya umri." Neema akayazunguka makochi yote akiwaamkia mmoja mmoja. Alipofika kwa Otieno, akaitikiwa "Poa", na Otieno akapigwa kofi la bega.

Kwenye gari tukirudi akaniuliza, "Na Bibi, yeye anamwambia nani shikamoo?"

Nikafikiri. Wazazi wako hawapo. Mama mkubwa naye tulishamzika. Nikamwambia hakuna aliyebaki, Bibi sasa ndiye mkubwa wa wote. Akawa anatazama dirishani. Nikadhani amelala.

"Kwa hiyo," akasema, "mtu pekee anayemwambia Bibi marahaba ni mimi."

Niliendelea kuendesha tu.

Nisalimie mdogo wangu na mkewe, na shemeji wa dukani, na yule binamu anayekuchotea maji, mwambie viatu vyake nimevipata. Msalimie jirani mwenye mbuzi, hata kama bado hamsemezani. Barua hii inaletwa na mwanakwaya mwenzetu anayekuja likizo, mkaribishe chai.

Jumapili ukishaipata nitapiga, na simu nitampa Neema aanze yeye. Shikamoo ameshaijua sasa, anaisema hata kwa dereva wa basi. Lakini ukitaka kumtangulia, Mama, mwamkie. Atakuitikia.

Mwanao anayekukumbuka,
Emanuel, baba Neema